Ndege wa Mgongoni

Katika kiti cha mbele yangu basini, mkunga mstaafu alikuwa akimsimulia kinyozi, jirani wa safari tu, jinsi alivyokwenda kisiwani na kundi la wapiga picha za ndege.

"Mwongoza wageni akatulaza kifudifudi mchangani, kamera mkononi, kimya. Mimi nimekesha na wajawazito maisha yangu yote, mwanangu. Nikalala usingizi wa pono."

"Na ndege?"

"Alikuja. Akatua mgongoni mwangu, akajichambua manyoya kwa raha zake. Wenzangu wote wamempiga picha. Mimi sikuona hata unyoya."

"Ama kweli, mama! Umekwenda kote huko kulala? Lazima urudi."

"Nirudie nini? Wao walikuwa macho, akawakwepa. Mimi akanikalia."

Moyoni nilikubaliana na kinyozi. Mimi nisingelala, ingawa juzi basi hilihili lilinipitisha kituo nikikoroma.

Mkunga akampa picha aliyopewa na wenzake: ndege kifua mbele, juu ya sweta la kijivu.

"Lakini hukumwona," kinyozi akang'ang'ania.

Basi likasimama. Mkunga akachukua picha yake, akatabasamu, akashuka polepole, kama mtu anayechelea kumshtua aliye mgongoni.