Mguu wa Mama Felisita

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama unakula, maliza kwanza. Leo tunamkumbuka Mama Felisita, mkulima wa pamba wa Kasoli, na nasema wazi, nasikia kinyaa.

Mama Felisita alipata kiharusi. Mguu wa kulia ukakaza, goti likajikunja, likagoma kunyooka. Hapa Bariadi mjini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha binti yake, Joyceline, kuunyoosha. Polepole. Unashika, unanyoosha kidogo, unasubiri msuli wenyewe ulegee. Ukivuta kwa nguvu, msuli unazidi kukaza. Polepole, wapendwa, shikeni neno hilo.

Kila asubuhi walikaa mkekani, wakinyoosha huku wakipiga umbea. "Mayu, mama yangu, alikuwa ananitania," anasema Joyceline. "'We mtoto, mikono yako ya baridi kama chura!'" Goti likaanza kulegea. Siku moja mama akasimama mlangoni, kashikilia fremu, akawafokea mbuzi waliovamia pamba yake. Joyceline alilia kwa furaha.

Kisha Joyceline akaenda kujifungua. Mama akabaki na kaka yake, Masunga, ambaye kazi yake ni kufundisha maksai kulima. Joyceline alimwelekeza, akamwonyesha, akarudia. Mjomba akaitikia, ndiyo, ndiyo. Kumbe anajisemea, mguu huu ni kama ndama mkaidi, unavutwa mpaka ukubali! Akafunga kamba ya maksai kwenye kifundo, akaita wanaume wenzake, wakavuta. Mama akapiga kelele. Wakavuta tu. Jirani yake, Martha, alisikia yote. "Alikuwa anasema, kaka, niache, niache. Masunga akacheka, eti huyu anadeka."

Mfupa wa paja ukavunjika. Mama Felisita hakutoka hospitali akiwa hai.

Ngojeni, uchafu haujaisha. Msibani nilikuwepo. Goti limejikunja, jeneza halifungi. Masunga, bila hata chembe ya haya, akasema: "Mguu ukandamizwe tu, sasa hivi hasikii." Na watu wazima, wenye akili zao, wakaitikia! Lo!

Joyceline akainuka, kichanga mgongoni. "Jeneza lirudi kwa fundi, liongezwe kina. Mayu havutwi tena."

Wakanung'unika, jua linakwenda, watu wana safari. Joyceline akakaa kando ya mama yake, akaweka mkono juu ya goti, akakaa hivyo mpaka fundi alipomaliza kuongeza mbao. Mama Felisita akazikwa na goti lake kama lilivyokuwa.

Wasikilizaji wapendwa, mgonjwa aliyekaza viungo hadeki wala hana ukaidi. Anaumwa. Akisema niache, mwache. Tafakarini hilo leo, kabla hamjamgusa mtu.

Joyceline, pole sana, mama. Pole kwa kichanga ambaye hatamjua bibi yake. Pole Martha, na majirani wote wa Kasoli.

Masunga, najua unasikiliza. Wewe pole sikupi.