Mzee Daudi Ekuru, Baba wa Gari Jekundu

Jirani yetu Abigael amekuwa akisema kwenye bomba la maji kwamba leo Mzee Daudi Ekuru anazikwa pamoja na gari lake, ndiyo maana vijana wamechimba siku mbili. Si kweli. Vijana walikuta mwamba. Gari liko nyumbani.

Mzee Daudi, baba yetu, alizaliwa Lokitaung mwaka 1961, mtoto wa nne wa marehemu Ewoi. Alichunga mbuzi kwanza, akaingia darasa la kwanza akiwa na miaka tisa, akamaliza la saba mwaka 1976. Alisema kuhesabu alijua tangu malishoni, shule ilimwongezea kalamu tu.

Alianza kazi kama utingo wa lori la samaki kutoka Kalokol hadi Lodwar, akawa dereva mwaka 1984. Kuanzia 1993 hadi 2016 aliendesha malori ya shirika la misaada Kakuma. Alipostaafu, mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimuuzia gari la spoti, jekundu, la milango miwili. Watu walicheka, kwa sababu barabara ilikuwa mchanga na mashimo. Miaka minne gari lilingoja lami. Kila Jumapili baada ya ibada aliliwasha, akalisikiliza, akalizima.

Alimwoa mama yetu Apua kanisani hapa Lodwar, tarehe 17 Desemba 1988. Alimleta kwa lile lori la samaki. Mama anasema gauni lilinuka Kalokol mpaka Pasaka.

Tarehe 6 Machi 2021, yeye na wenzake sita walianzisha klabu ya wenye magari ya spoti. Kama babu zetu walivyoitwa kwa rangi ya dume la ng'ombe, kila mwanachama aliitwa kwa rangi ya gari lake. Baba alikuwa Apaloreng, baba wa yule mwekundu. Sheria ilikuwa moja: asiye na gari hana jina, na asiye na jina hakai kikaoni. Kila mwezi walienda Kakuma polepole, wakisimama ngamia wapite, wakanywa chai kwa Mou, fundi kutoka Sudan Kusini anayeishi katika kambi ya wakimbizi ya huko. Magari yote saba yamepita mikononi mwake.

Sasa vipuri havipatikani na vijana wanataka pikipiki. Yanayotembea yamebaki mawili. Ndiyo sababu Oktoba mwaka jana, kwenye kikao nyumbani kwetu, Baba aliomba Mou aandikwe kuwa mwanachama. Mimi nilikuwa nawapa chai, mtoto mgongoni.

Mwenyekiti Adome alisema, "Apaloreng, ejok, ni vizuri. Lakini hii klabu ni ya magari ama ni ya mafundi? Mou hana hata baiskeli."

"Na gari yako iliwaka mwisho lini?" Baba alimuuliza.

"Iko kwa matengenezo."

"Mwaka wa pili! Kuku wa mke wako ndio wanaiendesha."

Walicheka wote, hata Adome mwenyewe. Lakini hakuna aliyeinua mkono kumkubali Mou.

Baba hakukasirika. Alisema, "Tukikaa wenye magari peke yetu, miaka mitano hatuna klabu. Akiingia mtu anayejua kuliamsha gari, akafundisha wengine, tutakuwa nayo."

Mou alipoambiwa, alijibu tu, "Kwetu pia mtu anaitwa kwa dume lake, mzee. Langu lilibaki vitani."

Figo zilianza kumsumbua Baba Agosti 2023. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki na hakunung'unika, ila chai isiyo na maziwa ya ngamia aliiita maji ya kuoshea vyombo. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Apua, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na wanachama sita ambao leo wamefika wote. Mou naye amepata ruhusa ya siku tatu ya kutoka kambini, amesimama pale nyuma. Mungu amlaze Baba mahali penye kivuli.

Jumatatu, siku moja kabla hajatuacha, aliniita nikae karibu. Alisema, "Nawoi, siku ya kunizika hakuna mwanachama atakayekosa. Ukimaliza kusoma, usikae chini. Waambie anayemkubali Mou ainue mkono, kisha uhesabu kwa sauti."