Kopo la Shemeji

Hebu jipe picha ya benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la saa, mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali lisiyumbe. Mbele yake pana jiko dogo na birika la kahawa. Hatua chache kutoka hapo limesimama gari jekundu, limeinama chini kama paka anayenyemelea, na injini yake inaunguruma. Mwenye gari, tunayemwita Msukani, hataki kuizima; anasema anaisikiliza, kwa sababu keshokutwa ana mashindano. Pembeni yake ameketi Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, anayekata kesi za watu bila kuombwa. Wa tatu ni Darubini, fundi saa, ambaye huona mambo ambayo hata wenye mambo hawajayaona. Mimi nilibanwa mwishoni na kikombe changu.

— Nimeamua, alisema Msukani. Leo namnyang'anya shemeji kazi ya kulitengeneza gari langu. Fundi gani huyu? Na akija kunisalimia, sitaitikia.

— Huyo ni mume wa dada yako, alisema Hakimu. Toa ushahidi kwanza.

— Oili inapungua. Kila nikipima, imeshuka. Jana nafungua boneti, nakuta mpira umetoka kwenye injini, umeingia kwenye kopo jeusi. Gari halikuja na kopo hilo. Nafungua kopo, nakuta nini? Oili.

— Yako?

— Ya nani tena? Na kila Ijumaa huyo bwana huniambia, "Shemeji, niachie gari kidogo." Analimwaga kopo kwenye chupa, anaondoka na chupa yake kwapani.

Hakimu aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeletewa faili.

— Anauza. Kesi nyepesi.

— Oili chafu nani anainunua? aliuliza Darubini. Hiyo haiuzwi, inasomwa. Wapinzani wako wakiipata, wanajua injini yako imechoka wapi. Shemeji yako amewekwa nao.

— Amemwoa dada yangu miaka mingi kabla sijanunua gari.

— Ndiyo maana nasema amewekwa. Watu wa mipango hawana haraka.

Nikasema kwa upole kwamba labda tungemwuliza mwenyewe.

— Mwalimu, wewe umezoea watoto, alinikatiza Hakimu. Mtoto ukimwuliza, anajibu. Mtu mzima ukimwuliza, anajiandaa. Lakini kopo lenyewe, alikwambia ni la nini?

— Alisema injini ina mvuke wa oili, eti ukiachwa urudi ndani, unachafua njia ya hewa. Nikaitikia tu. Nilikuwa nazungumza kwenye simu.

— Mvuke, alisema Darubini, akachekea puani. Oili imekuwa chai?

— Basi nimemkomesha. Asubuhi nimeuchomoa mpira wake, nikaliziba tundu la injini kwa kizibo cha mbao, nikakaza kwa waya. Nimezunguka na gari mji mzima. Kopo kavu, halina hata tone.

Hakimu akampa mkono. Darubini akammiminia kahawa, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu.

Hapo ndipo dada yake Msukani alipotokea, kikapu mkononi. Benchi zima likanyamaza, kama darasa mlango unapofunguliwa.

— Hamjambo? Ukimya huu, mlikuwa mnamsema mume wangu.

— Dada, alisema Msukani, zile chupa zinakwenda wapi?

— Zinakwenda wapi? Zimejipanga kwenye dirisha la jikoni kwangu, na tumeshagombana kwa ajili ya chupa hizo. Anazilinganisha. Anasema moshi wa injini unapenya kwenye ringi za pistoni, unashuka chini na kutoka umebeba oili. Gari la mbio linakimbizwa sana, kwa hiyo linapumua sana. Kopo likijaa kuliko wiki iliyopita, anajua ringi zimeanza kuchoka. Mimi nataka dirisha langu tu. Kwani vipi?

Msukani akamweleza habari ya kizibo, sauti ikishuka kila neno. Dada akalitazama gari.

— Sasa, mdogo wangu, huo moshi uliokuwa unatokea pale, umeupa njia gani?

Msukani akamtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Darubini. Darubini akatazama ndani ya kikombe chake, kana kwamba jibu limezama humo.

Kitu kikalia ndani ya boneti, kama kizibo cha chupa. Msukani akakimbia kuzima injini na kufungua. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka kutoka kwenye tundu lake, na oili imetapakaa kila mahali, inachuruzika hadi barabarani. Shati lake liliingia madoa, hakulijali. Akapiga simu.

— Shemeji, uko wapi? Hapana, mimi mzima. Ni gari. Nimeziba... Kwa mbao.

Akasikiliza kwa muda mrefu.

— Anakuja, alituambia. Hakufoka. Amesema huenda sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, zimesalimika, huenda hazikusalimika, na mashindano ya Jumamosi tusiyahesabu bado.

— Anakuja haraka namna hiyo? alisema Hakimu kwa sauti ya chini. Mtu asiye na la kuficha huwa hakimbii.

Dada alikuwa tayari ameinama, anafuta oili kwa kanga yake, na Msukani akainama kando yake.

Nawe uliyenisikiliza hadi hapa, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukikuta tundu usilolijua, liache wazi mpaka umwulize aliyeliacha wazi.