Yai Juu ya Mlango wa Ofisi Mpya

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, na majirani wa visiwa vyetu vyote,

KARIBU

Karibu sana. Utuwie radhi kwa kunong'ona kwenye kipaza sauti. Sababu utaisikia sasa hivi. Na ukituona tunacheka ovyo, si utovu wa adabu. Tumejaribu kujizuia tangu asubuhi, tumeshindwa.

TULIKOTOKA

Sisi ni walinzi wa ndege wa visiwa hivi. Tulipoanza kazi, panya walikuwa wametamalaki. Buabua mweupe, ndege wa baharini, naye hajengi kiota: hutaga yai moja juu ya tawi tupu, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Panya waliyala mayai yote, buabua wakaacha kutaga hapa.

MAFANIKIO

Panya tuliwamaliza. Kisha Fundi, seremala wetu, akachonga mbao zenye kishimo katikati, tukazipachika mitini ili buabua warudi kutaga. Wakazipita kama hawazioni. Ubao mmoja uliharibika, kishimo kikaenda upande. Fundi akaona hasara kuutupa, akaupigilia juu ya mlango wa ofisi hii unayoifungua leo, ushikilie kibao chenye jina lako.

Asubuhi hii alipanda kuupamba maua.

"Nani kaweka yai huku juu?"

"Usinitazame mimi," mama mpishi akamjibu. "Ya kwangu nimeshayachemsha."

Mkuu wa kituo akaja mbio, akachungulia, akashika kichwa. "Buabua! Fundi, shuka polepole. Usipumue!"

"Nisipopumua nitashukaje, bosi?"

"Basi pumulia pembeni!"

Mgeni rasmi, mkuu wetu ni mtu mzima, wa miwani na tai. Alimkumbatia mama mpishi, sufuria na vyote. Hilo ndilo yai la kwanza la buabua tangu panya waondoke.

CHANGAMOTO

Ni moja tu. Mlango umevimba kwa hewa ya chumvi. Haufunguki mpaka usukumwe kwa bega, na ukisukumwa, ubao wote unatikisika. Fundi, aliyekuwa akirukaruka kwa furaha, sasa hathubutu hata kuuangalia.

"Ningejua, ningekichonga sawasawa."

"Ungekichonga sawasawa wasingekuja," mama mpishi akamwambia. "Vya sawasawa si wamevikataa vyote?"

MAOMBI

Tunajua umetoka mbali, na mkasi unao mkononi. Tunakuomba usiukate utepe ulio mbele yako. Mlango ubaki umefungwa mpaka kinda aruke.

Ofisi, hata hivyo, ifunguliwe leo. Nyuma kuna dirisha, na utepe mwingine tumeufunga pale. Fundi ameegesha ngazi, ameipiga msasa isikuchanie nguo. Mkuu wa kituo atakusukuma kwa heshima zote. Mama mpishi atakupokea ndani.

Mungu akujalie afya, magoti mepesi na safari njema ya kurudi.

Ni sisi,
Walinzi wa Ndege wa Visiwa.

Tafadhali, wageni wote, pungeni mikono tu. Makofi tutayapiga siku kinda atakaporuka.