Barua Isiyokuwa na Kosa

Akina mama wa Misikhu, mnivumilie. Nikilia, mningoje tu, nitaendelea.

Mwaka jana nilikuwa Kitale nasomea Kijapani, ndio niende Japani kutunza wazee. Kitu kimoja kilinishinda: kusema sababu kwa lugha ya barua, ile ya heshima. Unataja jambo lenyewe, halafu unaweka "ni yori". Kwa sababu ya mvua: "ame ni yori". Rahisi, si ndiyo? Nilianguka hapo mara tatu.

Nikija nyumbani Jumamosi, mama alinifundisha tukipukuchua mahindi. Kusoma hakujua, lakini sababu hazikumwishia. "Sema, kwa sababu ya ng'ombe wa jirani, sukuma wiki yetu shambani imeisha." Nikisema, anacheka mpaka anashika mbavu. Ati Kijapani ni kama mtu anagombana na kuku.

Kisha akaanza kuugua. Nikapiga simu, nikamwambia nakuja. "Usikuje bana. Maliza mtihani kwanza." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilimtii haraka sana. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Mama alituacha Alhamisi.

Darasa letu lilikuwa na sheria: ukikosa kufika, unaandika barua ya sababu, kwa Kijapani. Nikaketi na mkoba wangu ukiwa umefungwa tayari, nikaandika: kwa sababu ya kifo cha mama, sitafika. Mwalimu akasoma, hakupata kosa hata moja. Ndiyo mara ya kwanza niliandika maneno hayo sawasawa. Niliyachukia.

Nikaacha masomo. Nilijifungia kwa nyumba ya mama miezi minne, hata dirisha sifungui.

Mmoja wenu, simtaji, akaingia bila hodi, amebeba mahindi yake kwa gunia. Akakalia kile kistuli cha mama, akaanza kupukuchua. "Mama yako alituambia huo mchezo wenu," akasema. "Haya, sema: kwa sababu ya huyu msichana mkaidi, mgongo wangu unauma." Nikajaribu. Sauti ikakatikia katikati. Akanisukumia hindi moja nipukuchue, akasema, "Tena." Kesho yake mlikuja watatu.

Nikarudi darasani, na mtihani nimepita, akina mama. Mwezi ujao nasafiri. Asanteni kwa vile mlikaa na mimi, na kwa zile sababu zenu za ajabu.

Neno langu kwenu ni moja. Mzazi akiugua halafu akwambie usije, nenda. Mtihani niliufanya baadaye. Mama sikumwona tena.