Ukuta Wangu na Bi Zuhura

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyie mliokaa karibu na mlango mpate kutoka mapema, huko pia asifiwe! Mie Agnesi muuza vitumbua, mnanijua. Leo sikuja na vitumbua, nimekuja na ushuhuda.

Ndugu zangu, nilizaliwa mtaa wa Ng'ambo, katika nyumba ya mawe na udongo aliyoijenga marehemu baba alipotoka bara. Nyumba yetu ilishikana na ya Bi Zuhura, ukuta wetu mmoja. Mume wangu akafariki, mtoto sikujaaliwa, nikabaki na ukuta ule. Msicheke! Mie nna pumu. Kila alfajiri Bi Zuhura akiamka kuswali, aligonga ukuta kwa mchi wa kinu, nami nikamgongea kumjibu. Siku moja sikujibu. Alisukuma mlango akanikuta sina pumzi, akaita watu, nikapelekwa hospitali. Yeye Mwislamu, mie Mkristo, na ndugu wa tumbo moja asingenifanyia zaidi.

Basi wakaja watu wa serikali na kamba na vigingi. Mtaa wote utavunjwa, wakasema, yajengwe maghorofa yenye umeme na maji ya mfereji. Watu wakashangilia. Bi Zuhura aliuliza kama choo kitakuwa ndani, akaambiwa ndiyo, akauliza tena ili asikie vizuri. Mie niliuliza ukuta wangu utakwenda wapi. Bwana mmoja mwenye kamba akacheka, akasema kuta zitakuwa nyingi tu.

Nikaingia kwenye maombi, na niliomba vibaya, ndugu zangu! Nilimwomba Mungu tingatinga liharibike. Na likaharibika! Lilizimika mbele ya mlango wangu. Mie huyo, nikaimba, nikakaanga vitumbua, nikagawa bure mtaa mzima, hata dereva nikampa. Dereva akala akashiba, akapata nguvu, akalitengeneza tingatinga lake. Kufika adhuhuri nyumba iko chini.

Tukatawanyika. Mie nilipokewa na wenzetu wa kanisa kule Mbweni, Bi Zuhura akaenda kwa mwanawe Fumba. Siku za kujitolea kujenga maghorofa yale nilikuja na kina mama kubeba mchanga kichwani, wenzangu wanaimba, mie natazama ghorofa linavyopanda na moyo unashuka. Huko juu nikibanwa kifua, nani atanisikia? Nikaacha habari za tingatinga. Nikaomba jambo moja tu: Bwana, nipe ukuta mmoja na Zuhura.

Siku ya ufunguo ikafika. Ghorofa ya tatu! Nilipanda ngazi nimeshika ukuta, sitazami chini. Nikabisha hodi kwa jirani wa kulia, nikakuta mwalimu na watoto wake. Kushoto hakuna jirani, ni upepo. Nikauliza habari za Bi Zuhura, hakuna aliyemwona. Nililia, ndugu zangu. Nikamwambia Mungu ahsante kwa mfereji, lakini lile nililokuomba hukunipa.

Hata hivyo njaa haijui ghorofa. Nikaroweka mchele, na kulipokucha nikaweka kinu katikati ya sakafu, nikatwanga kama nilivyotwanga nyumba yetu ya zamani. Nani alituambia kwamba sakafu yako ni dari ya mwenzio? Hakuna! Nikatwanga na wimbo wangu, nikifika kwenye kiitikio natua mchi, naimba, kisha naanza tena. Mara nasikia chini yangu, ko, ko, ko. Nikajua nishaudhi watu, nikanyamaza kimya. Kukagongwa tena, kwa nguvu. Kisha mtu akawa anapanda ngazi, anahema na kuzilaani ngazi zenyewe. Mlango ukasukumwa bila hodi.

Alikuwa Bi Zuhura, mchi mkononi, chokaa ya dari imemjaa mtandioni. Kumbe alihamia jana yake, jioni.

"Nilikuwa nakuja kugombana," akasema, "mpaka niliposikia mchi unatuliwa penye kiitikio. Nikajua ni weye. Nikakugongea, na hukujibu! Mbona hukujibu, shoga yangu?"

Tulikumbatiana mlangoni tukalia, kisha tukacheka mpaka mwalimu akatoka kutazama.

Sasa kinu tumekishusha uwanjani, tunatwanga pamoja, na dari ya Bi Zuhura imepona. Choo kiko ndani, naye bado anakisifu kwa kila mgeni.

Ndugu yangu uliyewekewa kigingi mlangoni, au moyoni, njoo umtumaini huyu Mungu. Mpe shida yako yote, ila usimchoree ramani. Mie nilimwomba ukuta, akanipa sakafu, na jina lake lihimidiwe! Leo alfajiri, kabla sijaja hapa, Bi Zuhura alinigongea kutoka chini. Nikapiga kisigino, nikamjibu.