Vipele Chini ya Sweta

Asubuhi hiyo Soli, fundi viatu wetu, alikaa kijiweni bila hata salamu. Kahawa ikampolea mkononi. Benchini, nje ya kinyozi, tulikuwapo mimi, Redio, ambaye hazimiki, na Mkuu, anayejua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza.

— Soli, kuna msiba?

— Binti yangu kaamka na vipele tumboni. Vya majimaji.

— Tetekuwanga hiyo, nikasema. Umemwacha na nani?

Akainama.

— Mama yake yuko kazini. Mimi nina viatu vya watu. Nimemvika sweta la mikono mirefu, nikampeleka chekechea. Kalia njia nzima.

— Umefanya la maana! Redio akadakia. Mchelea mwana kulia hulia yeye!

— Methali hiyo si ya vipele, bwana, nikamwambia.

— Si ni ya watoto? Tena tetekuwanga inataka kugawanwa. Kidole kimoja hakivunji chawa! Wakiugua darasa zima, kila mtoto anaambulia kipele kimoja tu.

Mkuu akaguna.

— Hamjui kitu. Ule ugonjwa unapita kwenye kivuli. Mtoto akae mbali na dirisha, kwisha habari.

— Na kikombe cha maji je? Soli akauliza. Wananywea kimoja wale. Simu ikilia tu, moyo unanipasuka.

Kabla hatujamjibu, dada mmoja akasimama mbele yetu, kamshika mkono mwanawe. Mtoto alivaa kofia ya sufu; chini ya kofia, hakuna hata unywele.

— Samahanini, kaka zangu. Chekechea ni hapo kwenye geti la bluu?

— Ndiyo hapo.

— Leo anaanza shule hapa, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Dawa zimemmaliza kinga. Daktari kaniambia tetekuwanga ikimpata huyu, naweza kumkosa. Hivi humo kuna mtoto anayeumwa?

Redio akageukia barabarani. Mkuu akachungulia kikombe chake kama kimedondokewa na kitu. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Soli akasimama.

— Usiingie, dada. Yupo. Ni wangu.

Mama yule akamvutia mwanawe kifuani. Hakutukana. Nadhani Soli angependa atukanwe. Soli akatimua mbio kuelekea getini, aproni ikimpigapiga magotini.

Alipotoka na bintiye begani, hakupita kwetu. Alivuka barabara, akapitia upande wa pili, mbali na mtoto wa watu.